Kukodi Ndege kwa Safari ya Kikazi ya Siku Moja: Mwongozo wa Mpangaji

Bosi akishaamua kukodi ndege, swali lake la kwanza huwa moja: jeti ni shilingi ngapi? Wewe uliyebebeshwa kazi ya kupanga, anza na maswali mengine. Tunatakiwa kuwa wapi, saa ngapi, na uwanja wa huko ukoje? Ukiyajibu hayo vizuri, mara nyingi utagundua kwamba jeti haikuhitajika.

Safari zetu za ndani ya Afrika Mashariki ni fupi. Siku yako haiokolewi na mwendo wa ndege angani. Inaokolewa kwa sababu ndege inaondoka saa unayotaka, inatua karibu na kikao, na inakusubiri umalize. Ndege ya pangaboi, ile yenye mapanga yanayozunguka kwenye injini, inayafanya yote matatu, tena inatua mahali ambapo jeti haithubutu.

Nimeandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani. Aliye Nairobi, Kampala au Kigali atabadilisha majina ya viwanja, mengine yanabaki yaleyale.

Hatua ya 1: Hakikisha safari yenyewe inastahili ndege ya kukodi

Dar kwenda Dodoma, panda treni. Tangu SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, kukodi ndege kwa njia hiyo ni fahari zaidi kuliko hesabu, labda iwe una watu wa kuunganisha safari nyingine siku hiyohiyo. Dar kwenda Mwanza au Nairobi kuna ndege za ratiba za kutosha. Kata tiketi, lala usiku mmoja ikibidi.

Kukodi kunaanza kuwa na maana katika hali kama tatu hivi. Kwanza, vituo viwili au zaidi vya siku moja ambavyo havina ndege ya ratiba ya kuviunganisha. Pili, unakwenda mgodini, shambani au kwenye kambi ya mradi yenye kiwanja chake. Tatu, mna kundi la watu watano, sita au zaidi ambao muda wao una thamani kwa kampuni, nao wote wanahitajika mahali pamoja.

Chukua mfano ambao nitautumia hadi mwisho: timu ya watu saba inatoka Dar, ina kikao Songea asubuhi na kingine Mtwara mchana. Ndege za ratiba za miji yote miwili kwa kawaida zinaanzia na kuishia Dar. Kwa barabara, kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600, yaani siku nzima ya kukaa garini. Kwa hewani, Dar–Songea ni kama kilomita 580, Songea–Mtwara 500, Mtwara–Dar 400. Pembetatu ya kilomita 1,480. Safari ya namna hii ndiyo inayoitaka ndege ya kukodi.

Hatua ya 2: Chagua aina ya ndege kabla hujapiga simu

Usiache kampuni ikuchagulie, kwa sababu itakuchagulia iliyo nayo. Kwa kanda yetu utakutana na majina machache yanayojirudia.

Cessna Grand Caravan ndiyo mchapakazi wa Afrika Mashariki. Injini moja ya pangaboi, mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, inabeba watu hadi 12 hivi kutegemea mizigo na mafuta. Inatua kwenye changarawe na majani bila malalamiko. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Haina mgandamizo wa hewa ndani, kwa hiyo hairuki juu sana, na wakati wa masika itapita katikati ya mawingu ambayo wenzake wanayaacha chini. Haina choo. Hili la choo waambie abiria mapema, hasa kwa safari ya karibu saa mbili baada ya chai ya asubuhi.

Pilatus PC-12 nayo ni ya injini moja, lakini ina mgandamizo wa hewa, inaruka juu ya sehemu kubwa ya hali mbaya ya hewa, na inakwenda kilomita 480 hadi 520 kwa saa. Viti vya mpangilio wa kikazi huwa sita hadi nane. Kiwanja cha changarawe hakiisumbui. Kwa safari za kikazi za ukanda huu, mimi ndiyo ningeitazama kwanza.

Beechcraft King Air, iwe 200 au 350, ina injini mbili na mwendo unaokaribiana na huo au kuuzidi kidogo. Kama sera ya usalama ya kampuni yako inakataza injini moja usiku, juu ya maji au kwa viongozi wa juu, umeshajibiwa: ni King Air.

Jeti ndogo, nyingi zikiwa za jamii ya Citation, zinakwenda kilomita 700 na zaidi kwa saa, zinahitaji lami ndefu na safi, na zinakunywa takriban mara mbili ya mafuta ya PC-12 kwa kila saa. Sehemu zake ni Dar–Lubumbashi, ambako ni kilomita 1,380 hivi, au Nairobi–Johannesburg. Kwa dakika hamsini za kwenda Mtwara, jeti inapanda, inanyooka kidogo, inaanza kushuka.

Tuingize namba kwenye mfano wetu. Kwa pembetatu nzima, Caravan itakaa hewani na kwenye lami kama saa 5. PC-12, saa 3 na nusu. Jeti ndogo, saa 2 na dakika 45. Yaani ukiacha PC-12 ukachukua jeti, unaokoa dakika 45 kwa miruko yote mitatu ukijumlisha pamoja, nazo zinaweza kuliwa na mwenyeji mmoja anayependa hotuba.

Ratiba ya PC-12 inakuwa hivi: kuondoka Dar saa 12:30 asubuhi, Songea saa 2 kasoro dakika 5, kikao hadi saa 5:30, Mtwara saa 6:45 mchana, kikao hadi saa 10, na Dar saa 11:20 jioni. Caravan kwa vikao hivyohivyo inafika Dar saa 12 kasoro robo, na mnapata muda mfupi zaidi huko mlikokwenda. Inawezekana, ila kikao cha mwisho kikivuka nusu saa, huna akiba ya mwanga.

Mwanga una uzito kuliko watu wanavyodhani. Jua letu linazama saa 12 na dakika kadhaa mwaka mzima, na viwanja vingi vya mikoani havina taa, au vinafunga jua likizama. Viwanja vya migodini na mashambani karibu vyote ni vya mchana tu. Kwa hiyo panga kuanzia mwisho: ndege inatakiwa iwe imeshatua wapi kabla ya giza? Kutoka hapo rudi nyuma hadi saa ya kuondoka nyumbani.

Na uliza kuhusu joto na mwinuko. Wilson ya Nairobi iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia ni za mita 1,500 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, na ya mchana wa joto ni nyepesi zaidi. Ndege inahitaji lami ndefu zaidi kuinuka, au ipunguziwe mafuta na watu. Ndege inayobeba wanane kutoka Dar asubuhi inaweza kukubali sita tu ikitoka uwanja wa juu saa 8 mchana. Mwulize rubani au ofisi ya operesheni swali hili kwa kila kituo, usiulize mara moja kwa safari nzima.

Hatua ya 3: Mjue anayerusha

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu zaidi.

Kampuni yoyote inayobeba abiria kwa malipo lazima iwe na leseni ya huduma za usafiri wa anga na cheti cha mwendeshaji wa ndege, kile ambacho wenyewe wanakiita AOC, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na kadhalika. Cheti kina kiambatisho kinachoorodhesha ndege zinazoruhusiwa chini yake kwa namba za usajili. Omba vyote viwili, cheti na kiambatisho, kisha linganisha na namba ya ndege uliyoahidiwa. Ndege za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, Burundi 9U, Kongo 9Q.

Mazungumzo ya simu yakienda hivi, shtuka:

"Ndege ipo kaka, hiyo ondoa shaka."
"Namba yake ya usajili?"
"Itajulikana asubuhi."

Kuna ndege za watu binafsi, nzuri tu kwa macho, ambazo mwenye nayo hukubali "kuchangiwa mafuta". Huo si ukodishaji halali, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu ndege haikukatiwa bima ya kubeba abiria wa malipo. Bei yake huwa tamu. Kataa.

Dalali si dhambi. Dalali mzuri anajua ndege ipi iko wapi leo, na anaweza kukupatia ile inayorudi tupu kutoka Zanzibar. Lakini kabla hujalipa, akuandikie jina la kampuni inayorusha, namba ya ndege, na nani atarudisha fedha safari ikivunjika.

Baada ya hapo kuna nyaraka nyingine mbili za kuomba: cheti cha bima kinachoonyesha fidia kwa abiria na kwa watu wengine, na uthibitisho wa maandishi kwamba kutakuwa na marubani wawili. Caravan kisheria inaweza kurushwa na rubani mmoja katika mazingira mengi. Kwa safari ya kikazi dai wawili hata kama inaongeza gharama. Kama kampuni yenu ni ya madini au mafuta, watu wa usalama watauliza kuhusu BARS, kiwango cha ukaguzi cha Flight Safety Foundation. Kampuni ya ndege iliyokaguliwa kwa kiwango hicho itakutumia ushahidi. Isiyokaguliwa angalau ielewe unachouliza.

Sasa jambo ambalo limewakuta wapangaji wengi wa Tanzania bila taarifa. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliweka kwenye orodha yake ya mashirika yaliyopigwa marufuku mashirika yote yenye cheti kilichotolewa Tanzania, baada ya Air Tanzania kuingizwa Desemba 2024. Mashirika ya Kongo yamo kwenye orodha hiyo kwa miaka mingi. Marufuku hayo yanahusu kuruka katika anga la Ulaya. Hayakuzuii wewe kukodi 5H kwenda Songea. Lakini makampuni mengi ya Ulaya, mashirika ya misaada na watoa bima hutumia orodha hiyo kama kipimo cha wafanyakazi wao popote duniani. Ikiwa kati ya abiria wako saba kuna mgeni wa mfadhili kutoka Brussels au Stockholm, mwulize mapema ofisi yake inasemaje, na utazame orodha ilivyo wiki hiyo, maana hubadilishwa. Ni aibu kubwa mgeni kubaki chini ya ngazi ya ndege huku akisoma barua pepe ya watu wake wa usalama.

Soma na bima yenu wenyewe. Sera nyingi za bima ya maisha na ajali za wafanyakazi zinalipa kwa ndege za ratiba pekee, au zina kikomo cha jumla kwa ajali moja. Hilo linagusa pia swali la nani apande na nani. Mkurugenzi mkuu, naibu wake na mkuu wa fedha kwenye ndege moja ya viti nane? Kampuni zenye utaratibu huwatenganisha. Kama yenu haina utaratibu, iulize bodi kwa maandishi, ili uamuzi usiwe wako.

Hatua ya 4: Ivunje bei vipandevipande

Bei ya kukodi ndege hujengwa kwa saa za kuruka. Wengine hukupa namba moja ya safari nzima, na namba moja ni rahisi kwa mhasibu, lakini omba mchanganuo hata hivyo.

Saa zinazohesabiwa si zile za angani tu. Kawaida ni kuanzia injini inapowashwa au magurudumu yanapoanza kusogea hadi ndege inaposimama kabisa. Na unalipia ndege popote iendapo kwa ajili yako, uwe umo au haumo. Ikikuteremsha Mtwara na kurudi Dar tupu, saa ya kurudi ni yako. Ikiwa makao yake ni Arusha na inakuja kukuchukua Dar, kuja na kurudi ni kwako pia. Ndiyo maana swali la "ndege inalala wapi?" linaweza kukuokolea fedha kuliko kuombaomba punguzo.

Kisha kuna kima cha chini cha siku. Kampuni nyingi hudai angalau saa fulani za kulipiwa kwa kila siku ndege iko mikononi mwako, hata isiporuka. Tuseme ni saa 2 kwa siku, na saa moja ya PC-12 ni shilingi milioni 6. Hiyo ni namba ya kufanyia hesabu, soko litakupa yake. Una kikao cha siku mbili Mtwara, mruko wa saa moja. Ndege ikikusubiri, siku ya kwanza unalipa saa 2 ingawa imeruka 1, ya pili vilevile: saa 4, milioni 24, na juu yake hoteli na chakula cha marubani. Ikikuacha na kurudi kukuchukua kesho, inaruka mara nne za saa moja: saa 4, milioni 24, bila hoteli. Kumbe kwa Mtwara, kuisubirisha hakukupunguzii kitu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Songea, mruko wa saa 1 na dakika 20: ikisubiri, bado ni saa 4, ikienda na kurudi tupu, ni saa 5 na dakika 20, yaani milioni 32. Hapo isubiri, na marubani walale Songea. Hakuna kanuni moja. Kila safari ina hesabu yake, na anayeuza hana haraka ya kukufanyia.

Pembetatu yetu ndiyo tamu, kwa sababu hakuna mruko tupu hata mmoja: saa 3 na nusu mara milioni 6, milioni 21, kwa watu saba milioni 3 kila mmoja. Weka kando ya tiketi mbili za kwenda na kurudi, hoteli za usiku mmoja au miwili, na siku mbili za watu saba kuwa nje ya ofisi. Unaweza kukuta imelipa, unaweza kukuta haijalipa. Angalau sasa unayo hoja ya kumpelekea mkuu wa fedha.

Juu ya saa kuna tozo: kutua, maegesho, kuongozea ndege, huduma za uwanja, ada ya abiria na ya usalama, na muda wa ziada ukitaka uwanja ubaki wazi baada ya saa zake. Uliza kipi kimo ndani ya bei na kipi kitafuata baadaye. Uliza VAT. Uliza kama kuna kipengele cha kupanda kwa mafuta, na kinaanza kufanya kazi lini. Uliza pia mafuta yatajazwa wapi: viwanja vingi vidogo havina Jet A-1, na ndege kupitia kwingine kujaza ni dakika 40 za ratiba yako pamoja na fedha.

Kwa safari za ndani ya Tanzania, ankara iwe ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, ingawa tabia ya dola kwenye sekta hii ina mizizi mirefu.

Hatua ya 5: Mkataba usaini ukiwa na kalamu nyekundu

Ni kurasa mbili tatu, na watu hawazisomi. Tafuta haya.

Ndege ikiharibika: waandike watakupa ndege mbadala ya daraja hilo au bora, kwa bei ileile, na iwe chini ya cheti cha AOC chenye sifa ulizokwisha kukagua. Neno "mbadala" likiachwa peke yake, utaagiza PC-12 upokelewe na Caravan iliyokodiwa asubuhi kutoka kwa jirani.

Hali ya hewa: rubani akigeuza ndege kwenda Songwe kwa sababu Songea imefunikwa, nani analipia mruko wa ziada? Kwa kawaida ni wewe. Sawa, lakini ijulikane kwa bei gani ya saa.

Kuahirisha: viwango vya makato kwa siku saba, mbili, na siku yenyewe. Jaribu kupata haki ya kusogeza tarehe mara moja bila makato; huwa wanakubali kuliko unavyodhani, hasa nje ya msimu wa watalii. Kati ya Julai na Septemba, na kuelekea Krismasi, Caravan nyingi ziko Serengeti na Mara, na sauti yako kwenye majadiliano inapungua.

Kuchelewa kwenu: ndege inasubiri muda gani kabla ya tozo? Na marubani wana ukomo wa saa za kazi kisheria. Kikao kikirefuka, inaweza kufika mahali mwanga upo, mafuta yapo, lakini rubani hana saa tena. Hapo hakuna cheo kinachosaidia.

Hatua ya 6: Ukivuka mpaka, ongeza siku

Ndege ya kigeni inahitaji kibali cha kuingia na kutua, na anayeomba ni kampuni ya ndege, akiwa na orodha yenu ya abiria. Kenya, Uganda na Rwanda huenda vizuri ukiomba siku kadhaa kabla. Kongo panga muda mrefu zaidi, na usimwahidi mtu saa kamili hadi namba ya kibali iwe mkononi.

Kingine: ndege yenye usajili wa 5Y inaweza kukuleta Dar kutoka Nairobi, lakini kukuchukua Dar kukupeleka Mtwara, yaani kati ya sehemu mbili za ndani ya nchi nyingine, kunahitaji ruhusa ya pekee ambayo si ya kutegemea. Kwa hiyo safari ya Nairobi–Dar–Mtwara–Nairobi ipangie mapema, au mruko wa katikati ukodi ndege ya 5H.

Majina kwenye orodha yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Mtanzania beba pasipoti. Kadi ya homa ya manjano isiachwe nyumbani, na aliyechanjwa jana bado hajawa salama kwenye karatasi, maana cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Fundi anayekwenda kufunga mashine si mgeni wa kikao. Kibali chake ni kingine, waulize Uhamiaji wa nchi husika. Anayebeba fedha taslimu za dola 10,000 na kuendelea atangaze mpakani.

Mpaka wenyewe uwe ni kiwanja chenye uhamiaji na forodha. Wilson inavyo. Kiwanja cha mgodini hakina, hata kama kiko kilomita chache kutoka mpakani, kwa hiyo utatua kwanza mahali pengine.

Halafu saa. Marubani huandika kwa saa za Zulu, yaani saa za kimataifa (UTC), sisi ni tatu mbele yake. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni mbili. "Tunaondoka Kigali saa 4" kwa Mswahili ni saa 4 asubuhi ya Kigali, kwa msaidizi wa Kinyarwanda aliyesoma barua ya Kiingereza inaweza kuwa kitu kingine. Andika kwenye ratiba 10:00 ya Kigali, 11:00 ya Dar, 08:00 Zulu, vyote mstari mmoja.

Hatua ya 7: Uzito, kabla ya siku ya safari

Tuma kwa kampuni majina, uzito wa kila abiria na uzito wa mizigo. Uzito wa kweli. Watu wazima husema uongo kuhusu kilo zao kwa heshima kubwa, na mizani ya uwanjani huwaumbua mbele ya wenzao.

Mabegi yawe laini. Kwenye safari za ratiba za Caravan kikomo kilichozoeleka ni kilo 15 kwa mtu, na sababu yake si ubahili. Mizigo huwekwa kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, lenye milango midogo ubavuni. Begi la kitambaa unalikunja unalisukuma linaingia. Sanduku gumu la magurudumu manne linakwama mlangoni, yule kijana wa mizigo anapiga magoti kwenye lami, analigeuza upande, analigeuza tena, kisha anamtazama rubani, na rubani anatazama saa. Mwisho wake linapanda ndani kwenye kiti ambacho kilikuwa cha mtu.

Pawabenki abiria akae nazo mwenyewe, zisiende chini. Droni, simu za setilaiti na kemikali zitajwe mapema. Sampuli za madini zina vibali vyake. Rubani hatakubali mfuko wa mawe usio na karatasi, na yuko sahihi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia safari piga simu ofisi ya operesheni, si ya mauzo. Uliza mambo manne: namba ya ndege, majina ya marubani, hali ya hewa, na kama kibali cha kutua kimefika. Kama unakwenda kiwanja binafsi, mpigie na msimamizi wake: njia imekaguliwa, ng'ombe wameondolewa, gari la kuwapokea litakuwepo?

Safari nyingi za kukodi pale Julius Nyerere huondokea Jengo la Kwanza la abiria, lile la zamani, na kila mwaka kuna mtu anayeshushwa na dereva Jengo la Tatu akaanza kutafuta kaunta isiyokuwepo. Tuma ramani ya mahali kwenye kundi la WhatsApp. Fika dakika 45 kabla. Ukaguzi wa usalama upo kama kwa abiria wengine.

Ndani ya mji mnaokwenda, mtu mmoja awe mlinzi wa muda. Si wewe ukiwa kikaoni na mafaili; awe mtu asiye na la kuwasilisha, mwenye ruhusa ya kusimama na kusema "waheshimiwa, ndege". Mpe namba ya rubani, na rubani apewe yake.

Rubani akisema hatuondoki, hamwondoki. Mteja anayeshinikiza anamweka kijana kati ya ajira yake na roho zenu. Bosi akianza kunung'unika, mtafutie chai.

Hatua ya 9: Baada ya kutua

Mlinzi wako wa muda awe ameandika saa ya kila kuwasha na kila kuzima injini. Inatosha ujumbe mfupi kwenye simu, maana ujumbe unabeba saa yake. Linganisha na ankara ya mwisho. Angalia pia kama wanakadiria kwenda juu hadi robo saa iliyo karibu, kwa sababu kwa miruko mitatu mifupi makadirio hayo hujilimbikiza. Ukipewa ankara ya saa 4 wakati ujumbe wako unasema 3 na dakika 25, omba nakala ya ukurasa wa siku hiyo kwenye kitabu cha safari za ndege. Kampuni makini huituma bila kununa, na tofauti hurekebishwa kwa maandishi kabla hujalipa salio.